Ayurveda ni nini, na kwa nini nusu yake tayari iko jikoni kwa bibi

Wengi mnaijua Dakawa kwa mpunga, kwa kambi ya wapigania uhuru wa ANC ya miaka ya 1980, na kwa ile ajali iliyomchukua Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984. Leo sina habari za mpunga wala za siasa. Leo ni kuhusu neno moja linalozunguka sana kwenye makopo na mitandaoni: AYURVEDA.

Utalikuta kwenye dawa ya meno, kwenye mafuta ya nywele, kwenye unga wa kupunguza tumbo, kwenye vidonge vya "nguvu". Vijana wengi wanauliza hiki kitu ni nini hasa... ni dini? ni uganga? ni dawa ya kweli au ni biashara ya watu? Nimeona niyaweke yote sehemu moja, mtu akikaa kafe nusu saa awe amemaliza, na akitaka aprinti ampelekee mama nyumbani.

Niseme msimamo wangu mapema ili msije mkasema nimewazungusha. Ayurveda ina pande mbili. Upande mmoja ni utaratibu wa kuishi: kuamka, kula, kulala, kujipaka mafuta, kufuata majira ya mwaka. Huo ni wa bure, na sehemu kubwa sisi wenyewe tulikuwa nao kabla hatujaanza kula chipsi mayai saa sita usiku. Upande wa pili ni dawa za kutibu magonjwa. Huo unataka uufungulie macho yote mawili, maana ndani yake kuna dawa kweli na kuna sumu kweli. Wauzaji wanachofanya ni kutuuzia ule wa pili kwa sifa za ule wa kwanza.

MAANA YA NENO

Ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Ayus ni uhai, veda ni maarifa. Kwa hiyo ni "maarifa ya uhai". Vitabu vyake vikubwa viwili ni Charaka Samhita, ambacho kinahusu zaidi magonjwa ya ndani ya mwili, na Sushruta Samhita, ambacho kinajulikana kwa upasuaji. Umri wake ni takriban miaka 2000. Hicho cha Sushruta kinaeleza hata namna ya kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya mtu mwenyewe, na madaktari wa Ulaya walikuja kujifunza kazi hiyo kutoka India karne nyingi baadaye. Kwa hiyo tusiidharau kama mambo ya vichochoroni.

Msingi wake ni kwamba mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Vata ni ya upepo, inahusika na mwendo wote wa mwili, mtu akizidiwa nayo anakuwa mkavu, ana wasiwasi, halali. Pitta ni ya moto, inahusika na kusaga chakula, ikizidi mtu anapata kiungulia, hasira, vipele. Kapha ni ya maji na udongo, inashikilia mwili usimame, ikizidi mtu anakuwa mzito, ana makamasi, ana uvivu. Afya ni pale hizo tatu zinapokuwa kwenye mizani ya mtu mwenyewe. Mizani ya mtu mwenyewe, maana hawasemi kwamba watu wote tunafanana. Wewe ulizaliwa mwembamba wa kuruka ruka, mwenzako amezaliwa mpole mwenye mwili, kila mmoja na mizani yake.

Kama umekulia Pwani au umelelewa na bibi wa Pwani, hapa hushangai. Watu wa Pwani toka zamani wanasema chakula hiki kina joto, kile kina baridi, huyu mtoto mwili wake una baridi usimpe machungwa jioni. Hiyo ilikuja zaidi na tiba ya Kiyunani kupitia Waarabu, si Ayurveda moja kwa moja, lakini ni ndugu wa ukoo mmoja wa mawazo. Zimekutana katika bahari hiihii ya kwetu.

Sasa ukweli wake ni upi? Ukienda maabara hakuna kipimo kinachoonyesha vata wala kapha. Ni lugha ya kuelezea jinsi mtu anavyojisikia na anavyoishi. Kama lugha, inasaidia. Kama kipimo cha ugonjwa, haitoshi. Malaria haijali wewe ni pitta au kapha, na sisi tunaoishi jirani na majaruba ya mpunga tunalijua hilo kuliko watu wote!

ILIFIKAJE HUKU

Haikuja kwa intaneti. Majahazi yalikuwa yanakwenda na kurudi kwa upepo wa kaskazi na kusi kati ya pwani yetu na Gujarati kwa mamia ya miaka, na ndani yake kulikuwa na nguo, shanga, viungo na mbegu. Halafu Wajerumani wakajenga reli ya kati, ikafika Morogoro mwaka 1907, na wenye maduka wa Kihindi wakapanda nayo kutoka Dar.

Angalia miti iliyokuzunguka. MWAROBAINI, ule tunaosema unatibu magonjwa arobaini, asili yake ni India na Burma. Kule unaitwa neem na ni mmoja wa miti mikuu ya Ayurveda. MLONGE, uliovuma sana Bongo miaka ya 2000 kila mtu akawa anauza mbegu, asili yake ni kaskazini ya India, chini ya milima ya Himalaya. MZAMBARAU nao ni wa huko. Manjano, tangawizi, iliki, pilipili manga na mdalasini ndiyo kabati la dawa la Ayurveda, na hapo juu milimani Uluguru, pande za Kinole na Matombo, Waluguru wanalima mdalasini, karafuu na pilipili manga mashambani mwao. Kwa hiyo yule anayekuuzia kopo la "unga wa India" wenye pilipili manga, ujue pilipili manga nyingine inashushwa sokoni Morogoro mjini kwa viroba.

UKWAJU ni kichekesho. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, na dunia nzima ikafuata. Kumbe mti wenyewe asili yake ni Afrika! Uliondoka kwetu, ukaenda India zamani sana, ukaingia kwenye vitabu vyao vya dawa, na leo unaweza kurudishiwa kwenye pakiti yenye picha ya tembo.

Halafu kuna yale ambayo hakuna aliyemwiga mwenzake, watu wameyagundua kila mmoja kwao. Wamasai wa huku Wami wanatia magome ya KILORITI kwenye supu ya nyama, wanasema inasaidia tumbo kusaga nyama na inatia nguvu. Kiloriti ni aina ya mgunga. Mgunga huohuo India unaitwa babul, vijiti vyake ni mswaki na magome yake yamo katika dawa za Ayurveda. Kwa hiyo ukimwona Mmasai ametandaza mizizi yake pale barabarani, usidhani ya mwenzake wa India ni sayansi na ya huyu ni ushamba. Yote mawili yanatakiwa kuulizwa maswali yaleyale.

UTARATIBU WA SIKU

Huu ndio upande ninaoupenda mimi. Unaitwa dinacharya, maana yake mwenendo wa siku. Umeandikwa kwa undani mpaka unachekesha, lakini ukiutazama vizuri ni busara tupu.

Kuamka kabla ya jua. Kwenda haja. Kusafisha meno kwa kijiti, kisha kukwangua ulimi. Kijiti sisi tunacho, mswaki wa porini Wamasai na Waislamu wanautumia mpaka leo. Kukwangua ulimi ndiko tulikoacha, wakati harufu mbaya ya mdomo nyingi inakaa kwenye ulimi wa nyuma. Jaribu asubuhi kwa kijiko tu uone kinachotoka.

Kisha kujichua mwili kwa mafuta kabla ya kuoga. Wao wanapenda mafuta ya ufuta. Huku kwetu ufuta unalimwa, unakamuliwa, na bado vijana tunanunua losheni za kujichubua. Bibi zetu walikuwa wanamkanda mtoto mchanga kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, wanamnyoosha mikono na miguu, mtoto analala fofofo. Ni kitu kilekile. Aliyeshinda ameinama shambani kupanda mpunga akikandwa mgongo jioni kwa mafuta ya moto kidogo, hahitaji aelezwe na kitabu. (Moto kidogo jamani, si ya kukaangia.)

Kula. Ayurveda inasema tumboni kuna moto, unaitwa agni, na chakula ni kuni. Ukizijaza kuni zote kwa mara moja moto unazimika, ukiukalia njaa unaunguza jiko lenyewe. Mlo mkubwa uwe mchana jua likiwa juu, wa usiku uwe mdogo na wa mapema. Charaka anasema tumbo ligawe mara tatu: sehemu ya chakula, sehemu ya kinywaji, na sehemu iachwe wazi. Wasomaji Waislamu hapo mtakumbuka mafundisho ya Mtume kuhusu theluthi ya tumbo. Watu wawili wa mbali wamefika palepale. Na sisi je? Kijana anashinda na chai ya rangi na andazi moja mpaka jioni, halafu saa nne usiku anavamia sahani ya chipsi mayai na mishikaki, anazima kwa soda, analala. Asubuhi anaamka tumbo linaunguza, anatafuta kopo la Ayurveda la kiungulia. Kaka, kopo la nini? Rudisha chakula mchana kwanza.

Kulala nako wanataka mapema, kabla ya saa nne usiku au saa nne ikikukuta kitandani. Najua mpaka hapo wengine mmeshacheka, mechi za Ulaya mtaangalia saa ngapi. Sawa, lakini ukilala saa nane kila siku usilaumu mwili.

Kuna kipengele kingine watu hawakijui. Vitabu vya Ayurveda vimeorodhesha mahitaji 13 ya mwili ambayo binadamu asiyazuie: mkojo, choo, kujamba, kupiga chafya, kupiga miayo, njaa, kiu, usingizi, machozi na mengineyo. Kila moja wanasema ukilizuia linazaa ugonjwa wake. Hapo nikawakumbuka madereva wa mabasi ya Dar–Dodoma wanaopita hapa kwetu. Abiria anaomba basi lisimame achimbe dawa, konda anamwambia vumilia mpaka Gairo! Na lugha yetu imewahi kuliona hilo, kukojoa njiani tunakuita kuchimba dawa. Hospitali nao watakuambia, hasa dada zetu, kubana mkojo kwa muda mrefu kunachangia maambukizi ya njia ya mkojo.

Mwisho wa upande huu ni majira. Wanasema mwili usilishwe sawasawa mwaka mzima. Dakawa tuna joto kali na vumbi kuanzia Oktoba, tuna masika ya Machi mpaka Mei, tuna kibaridi cha Juni na Julai. Kwa mtindo wao, wakati wa joto kula vya maji maji na visivyo vikali, matikiti, maziwa mgando, juisi ya ukwaju. Wakati wa masika na baridi ndipo tangawizi, pilipili manga na supu. Hakuna mtu wa Morogoro ambaye angesema tofauti. Yoga nayo ni ndugu wa karibu wa Ayurveda lakini ni habari ndefu, nitaiandikia siku yake.

VYA JIKONI VINAFANYA KAZI?

Vingine ndiyo. TANGAWIZI imefanyiwa utafiti mwingi na inasaidia kichefuchefu, hata kile cha mama mjamzito, kwa kiasi cha kawaida cha chai. MANJANO ina kitu kinachoitwa kukumini ambacho maabara kinaonyesha kutuliza uvimbe, ila mwili unakifyonza kidogo sana. Mwaka 1998 wanasayansi wa Bangalore walionyesha kwamba ukichanganya na kiini cha pilipili manga kiasi kinachoingia kwenye damu kinaongezeka mara nyingi. Bibi alikuwa anazitia zote mbili kwenye mchuzi bila kusoma utafiti. Lakini msije mkanywa manjano kwa vikombe! Kwenye chakula ni salama. Vidonge vikali vya manjano ndivyo vilivyowahi kuwaumiza watu ini huko Ulaya na Marekani.

Na angalia unanunua wapi. Manjano ya unga inachakachuliwa. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba huko Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wanaongeza rangi ya viwandani yenye madini ya risasi ili manjano ing'ae. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haitoki kirahisi. Hapa dawa yake ni rahisi: nunua vidole vya manjano vizima, vianike, twanga mwenyewe.

MLONGE, yaani majani, ni mboga nzuri kabisa. Yana protini, vitamini A na madini ya chuma. Yapike au yakaushe kivulini uyatie kwenye uji. Ni chakula, si dawa ya magonjwa 300 kama vibao vinavyosema. Mizizi na magome achana nayo, hasa mwenye mimba. MWAROBAINI ni mkali zaidi. Kijiti cha kupigia mswaki sawa, majani ya kuogea upele sawa, kupaka sawa. Kunywa mafuta yake ni jambo jingine: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga 13 waliopelekwa hospitali baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini kama tiba ya nyumbani, na wapo waliokufa. Mjamzito pia asinywe.

MTI ULIOGEUKA KIDONGE

Kwa wale wanaosema mitishamba yote ni uongo, mfano ninao. India kuna mmea unaitwa sarpagandha, Ayurveda iliutumia kwa watu wenye wazimu, wasiolala, na walioumwa na nyoka. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walitoa ndani ya mizizi yake kitu walichokiita reserpini. Kikawa moja ya dawa za kwanza za kisasa za kushusha presha, dunia nzima ikakitumia.

Na ndugu yake tunaye. Ni MSESEWE, ule ambao Wachaga wanatia magome yake kwenye mbege ili iwe na uchungu. Ni ukoo mmoja na sarpagandha. Kwa hiyo tusiseme miti yetu haina kitu.

Ila soma na upande wa pili wa habari hiyo. Reserpini ilipotumika na watu wengi ikaonekana inawatia wengine huzuni kubwa, na dozi ikizidi presha inashuka mno. Leo madaktari hawaitumii sana kwa sababu zimepatikana bora. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kuumiza, hauwezi kuwa na moja bila nyingine. Tena mizizi haina dozi iliyoandikwa. Mti huu una nyingi, ule una kidogo, uliochimbwa masika na uliochimbwa kiangazi hazilingani. Mfano mwingine ni mbarika, wengine mnauita mnyonyo. Mafuta yake ni ya kuharisha, Ayurveda inayapenda sana. Mbegu yenyewe ukiitafuna ina sumu ya kuua. Mti mmoja!

Kwa hiyo ukisikia "haina madhara kwa sababu ni ya asili", hapo ondoka.

MAKOPO YA MTANDAONI

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Ayurveda ina tawi linalochanganya mitishamba na madini yaliyochomwa, zebaki ikiwemo. Wao wanasema ikichomwa kwa utaratibu wake sumu inatoka. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya mji wa Boston wakazipima. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakarudia kwa dawa 193 zinazouzwa kwenye intaneti. Bado moja katika tano. Sasa kama wenzetu wenye vipimo kila kona inawakuta hivyo, wewe unayenunua kwa mtu uliyemwona kwenye picha, anakutumia kwa basi, unategemea nini?

Unga unaotamba sana kwa sasa ni ASHWAGANDHA, wanasema unaondoa msongo wa mawazo na kuongeza nguvu za kiume. Mmea wenyewe unaota porini hata Tanzania. Kuna tafiti ndogo zinazoonyesha unasaidia kidogo usingizi na wasiwasi. Lakini pia wapo walioharibika ini, unaingiliana na tezi ya shingo, na haufai kwa mjamzito. Denmark waliupiga marufuku mwaka 2023. Kijana wa miaka 20 mwenye afya yake, unaulia nini?

SUKARI, PRESHA NA VIRUSI

Mama mkubwa wangu ana sukari. Alikuwa anakunywa vidonge vyake vizuri, akaja mtu na unga, mchanganyiko wa mbegu za zambarau na vingine vya Kihindi, akamwambia sukari inatoka kabisa, vidonge aache maana "vinagongana". Akaacha. Wiki ya kwanza alijisikia mwepesi akawa anamsifia. Wiki ya tatu akaanza kiu isiyokatika, macho yakafifia, akawa anaongea vitu havieleweki. Tulimpeleka kwa bajaji usiku. Kile kimashine cha sukari hakikuonyesha namba, kiliandika HI. Nesi akatueleza maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Alilazwa siku tisa. Yupo, anatembea, lakini jicho la kushoto halijarudi kama zamani.

Mbegu za zambarau zenyewe si uongo, zimo katika Ayurveda kwa kazi hiyo na wanyama wa maabara walionyesha sukari kushuka. Kilichotaka kumuua ni lile neno ACHA VIDONGE.

Na nchi nzima tumeshapita hapo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Mnakumbuka foleni za magari za kilometa kadhaa, mawaziri na wakulima wamekaa pamoja kwenye vumbi. Babu hakutajirika kwa shilingi 500 na sitaki kumsema vibaya, alifariki mwaka 2021. Lakini wapo waliofia njiani kwa kutolewa wodini wakiwa mahututi, na wapo wenye virusi walioacha dawa za kufubaza wakiamini wamepona. Virusi vilirudi juu. Ugonjwa wa sukari, presha, kifafa, pumu, virusi vya ukimwi, kifua kikuu: vidonge vya hayo haviachwi kwa neno la muuzaji, awe amevaa kilemba, koti jeupe au rubega.

SHERIA INASEMAJE

Tanzania hatujapiga marufuku tiba asili, na ni vizuri. Muhimbili walianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka huo, ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ayurveda kwa kuwa imetoka nje inaingia kwenye tiba mbadala. Mtoa tiba anatakiwa asajiliwe na Baraza, na dawa yake nayo isajiliwe. Sampuli hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuona kama kuna madini ya sumu au vijidudu.

India wenyewe hawachezi na jambo hili. Daktari wa Ayurveda anasoma chuo zaidi ya miaka mitano, na toka 2014 wana wizara nzima ya tiba hizo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilianzisha kituo chake cha dunia cha tiba asili huko Jamnagar, Gujarati. Kwa hiyo akikujia mtu anasema yeye ni "daktari wa Ayurveda", una haki ya kumuuliza amesoma chuo gani na cheti cha Baraza kiko wapi. Aliyesoma hakasiriki ukimuuliza.

Kwenye kopo tafuta namba ya usajili, jina la mtengenezaji na mahali alipo, viungo vyote vilivyomo, na tarehe ya kuisha. Kopo lililoandikwa "siri ya mababu" bila viungo lirudishe. Na kama tayari unatumia kitu chochote, hata kama ni mlonge tu, siku ya kliniki beba kopo lenyewe mkononi umwonyeshe nesi au daktari, usimweleze kwa maneno. Wengine tunaficha tukiogopa kufokewa, halafu daktari anaongeza dozi ya presha juu ya mizizi inayoshusha presha.

Kila halmashauri ina mratibu wa tiba asili, anapatikana kupitia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kwa sisi wa Dakawa ni Mvomero. Kumuuliza kama fulani amesajiliwa ni bure.